Maswali ya Wasomaji: Mabao 570 ya Dhyan Chand na 348 ya Sohail Abbas

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kocha wa mpira wa magongo katika shule moja ya sekondari hapa Temeke, Dar es Salaam. Vijana wangu wamebishana mpaka wengine hawataki kupangwa timu moja. Kuna wanaosema mfungaji mkubwa wa dunia ni Sohail Abbas wa Pakistan, mwenye mabao 348. Kuna waliosoma kwamba Dhyan Chand wa India alifunga 570. Kama 570 ni nyingi kuliko 348, mbona rekodi anapewa Abbas?

Marahaba, mwanangu. Waambie vijana warudi uwanjani, maana wote wamesoma sawasawa. Namba hizo zimetoka kwenye madaftari mawili tofauti.

Ile 348 ya Sohail Abbas ni ya mechi 311 alizoichezea timu ya taifa ya Pakistan, tangu 1998 hadi Olimpiki ya London mwaka 2012. Zote ni taifa kwa taifa. Oktoba 2004 alimpita Paul Litjens wa Uholanzi, ambaye rekodi yake ya mabao 267 ilikuwa imedumu zaidi ya miaka ishirini. Hilo ndilo daftari linalotambuliwa.

Ile 570 ya Dhyan Chand imekusanya mechi 185, kuanzia 1926, za kila namna: Olimpiki, timu za taifa, timu za majimbo, za miji, hata klabu. Siku hizo India ilisafiri kwa meli miezi na miezi, na kila iliposhuka ilikuta timu inaisubiri. Ziara ya 1932 ilimpa mabao 133. Ile ya 1935, New Zealand na Australia, ilimpa 201, na India nzima ilifunga 584 katika mechi 48. Ongeza 61 anayohesabiwa katika ziara ya Afrika Mashariki ya 1947–48, unapata 395. Zaidi ya theluthi mbili ya mabao yake yote yametoka katika ziara tatu tu, na wengi wa waliofungwa hawakuwa timu za taifa.

Ziara hiyo ya mwisho inatuhusu sisi wa pwani. Timu ilishuka Mombasa katikati ya Desemba 1947, miezi minne baada ya India kupata uhuru, na walioialika walikuwa wametoa sharti kwamba Dhyan Chand lazima awemo. Alikuwa na miaka 42. Marehemu baba yangu, karani wa bandarini Kilindini, alimwona akicheza katika ziara ile, na maisha yake yote hakunitajia bao hata moja. Alinisimulia jinsi mpira ulivyofika kwenye gongo la yule bwana ukatulia papo hapo, bila kudunda. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya waandikaji matokeo ya ligi yetu ya Mombasa, na mpaka leo natamani baba angehesabu.

Sasa, je, mabao ya Dhyan Chand yalikuwa rahisi? Hapo nakataa kabisa, na nawaomba vijana wako wasikilize vizuri. Sheria ya kuotea ya enzi zake ilitaka kuwe na wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli. Mwaka 1972 wakapunguzwa kuwa wawili. Mwaka 1998 sheria ya kuotea ikafutwa moja kwa moja, na tangu hapo mshambuliaji anaweza kusimama ubavuni mwa kipa mechi nzima na mwamuzi asipulize filimbi. Yote aliyofunga Dhyan Chand aliyafunga chini ya sheria ile kali, kwenye nyasi za kawaida zenye mabonde na vichuguu, bila kutoka nje kupumzika. Nyasi bandia hazikuonekana Olimpiki mpaka Montreal 1976. Mimi nilicheza miaka yangu yote kwenye changarawe, na goti langu la kulia lina kovu la kuthibitisha. Mpira wa changarawe haukuahidi lolote: unautega uingie gongoni, unaruka kimo cha bega. Kuudhibiti mpira wa namna ile ukiwa unakimbia ni ufundi ambao kijana aliyezoea nyasi bandia hajawahi kuulazimikia.

Upande wa pili, makipa wa 1928 walisimama langoni uso wazi, na pedi za miguuni kama za kriketi. Kipa wa leo amevaa kofia yenye kizuizi cha uso, kifua kimefunikwa, na anajitupa chini mbele ya mpira bila woga. Kwa hiyo kila enzi ilikuwa na lake la kumsaidia mfungaji na lake la kumzuia, na huwezi kuchukua moja ukaacha jingine.

Na kuna jambo kuhusu Abbas ambalo nadhani vijana wako hawalijui: alikuwa beki. Ndiyo, mfungaji mwenye mabao mengi kuliko wote katika mechi za kimataifa alicheza nyuma! Mabao yake karibu yote yametokana na kona fupi, yaani pigo la adhabu ambapo mpira hutolewa kwenye mstari wa goli kwa wenzake wanaosubiri kupiga. Kanuni ya kona fupi inasema ukiupiga mpira kwa kishindo, shuti la kwanza lisipite juu ya ubao wa chini wa goli, yaani sentimita 46 tu kutoka ardhini. Lakini ukiuburuta kwa gongo kisha ukaurusha, unaruhusiwa kupaa mpaka chini ya mwamba, mita 2.14. Abbas aliuburuta na kuurusha kwa kasi ambayo mabeki wanne na kipa mmoja hawakuweza kuifikia. Ni kipaji cha ajabu, na nyasi bandia zilikifaa sana, kwa sababu mpira unabaki gongoni muda wote wa kuuvuta. Jaribuni kwenye changarawe mtaona mnavyohangaika.

Ukigawa kwa mechi, Litjens anamshinda: 267 kwa mechi 177 ni bao moja na nusu kila mechi, na Abbas ni bao moja na ushei. Dhyan Chand, kwa hesabu ile ya 570, anapata matatu kwa mechi. Lakini kugawa kwa mechi hakuondoi tatizo la nani alikuwa upande wa pili.

Mimi huuliza swali jingine. Wenzake waliokuwa uwanja uleule, siku ileile, chini ya sheria zilezile, walifunga mangapi? Chukua Olimpiki ya Amsterdam 1928. India ilicheza mechi tano, ikafunga 29, haikufungwa hata moja, na Dhyan Chand alifunga 14, karibu nusu. Waingereza, mabingwa wa 1908 na 1920, hawakushiriki, hilo nalo liandikwe. Chukua Los Angeles 1932. Timu zilikuwa tatu tu. India iliipiga Japani 11–1, kisha Marekani 24–1. Dhyan Chand alifunga 12 katika mechi hizo mbili, lakini mdogo wake Roop Singh alifunga 13, kumi kati yake dhidi ya Marekani. Ukihesabu jumla tu, 1932 inaonekana kubwa karibu sawa na 1928. Ukiwatazama wenzake, si kitu kimoja.

Halafu chukua Helsinki 1952. India ilihitaji mechi tatu tu, ikafunga mabao 13, na Balbir Singh alifunga tisa. Fainali ilikuwa 6–1 dhidi ya Uholanzi na yeye alifunga matano. Fainali ya Olimpiki! Kwa rekodi inayotambuliwa, hakuna mwanamume aliyefunga mengi kuliko hayo katika fainali ya hoki ya Olimpiki. Kwa maoni yangu, ukitafuta mashindano ambayo mfungaji mmoja aliibeba timu yake, hakuna yanayoyakaribia hayo.

Kwa hiyo wajibu hivi: rekodi ni ya Abbas na anaistahili. Aliyecheza hoki vizuri kuliko wote ni Dhyan Chand, na ushahidi wangu ni zile 14 za Amsterdam, si 570. Hata fainali ya 1936, India 8–1 Ujerumani, wengine wanampa mabao matatu na wengine sita. Ukubwa wake hautegemei yapi kati ya hayo ni sahihi.

Mwalimu, habari za Mombasa. Mimi ni mama kutoka Bukavu, ninaishi Edmonton, Kanada. Mwanangu wa miaka 14 anacheza hoki ya barafu. Yeye anasema Ovechkin amempita Gretzky, basi mjadala umekwisha. Jirani yetu mzee anakasirika kabisa akisikia hivyo. Nani ana haki?

Dada yangu, umepanga nyumba katikati ya mjadala wenyewe, maana Wayne Gretzky alijenga jina lake hapo Edmonton.

Tarehe 6 Aprili 2025 Alexander Ovechkin alifunga bao lake la 895 katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, dhidi ya New York Islanders. Gretzky alistaafu 1999 akiwa na 894. Ajabu ni kwamba Ovechkin alilifunga katika mechi yake ya 1,487, na 1,487 ndizo mechi zote alizocheza Gretzky. Mungu mwenyewe amewapangia mzani sawa, basi tuutumie.

Msimu wa 1981–82, Gretzky alipofunga mabao 92, kila mechi ya ligi ilikuwa na wastani wa mabao nane, ya timu zote mbili. Msimu wa 2003–04, muda mfupi kabla Ovechkin hajaingia, wastani ulikuwa umeshuka hadi matano na kidogo. Makipa ndio waliobadilika zaidi. Miaka ya 1980, katika mashuti 100 kipa wa kawaida alizuia kama 87. Miaka ya 2010 alizuia zaidi ya 91. Kwa masikio tofauti ni ndogo, lakini maana yake mabao 13 yamekuwa tisa kwa mashuti yaleyale. Vifaa vya makipa vilikua, na ufundi wa kupiga magoti na kuziba sehemu yote ya chini ya lango ukaenea kila timu.

Ukiyashusha mabao 92 kwenye wastani wa mabao sita kwa mechi, ambao unakaribia wa miaka hii, unapata 69. Na 69 ndiyo aliyofunga Auston Matthews wa Toronto msimu wa 2023–24. Mwambie mwanao afanye hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu.

Lakini asiishie hapo. Nimemwambia kocha wa Temeke atazame waliocheza siku zilezile, nami nakwambia wewe pia. Msimu ule wa mabao 92, wa pili alikuwa Mike Bossy na mabao 64. Ukichanganya mabao na pasi za mabao, Gretzky alikuwa na pointi 212 na Bossy 147. Makipa walikuwa walewale, barafu ileile, sheria zilezile, na bado mtu mmoja aliwaacha wote kwa pointi 65. Wastani wa ligi haulielezi hilo. Ovechkin naye, kwa kipimo hichohicho, ameongoza ligi kwa mabao misimu tisa. Gretzky aliongoza mitano. Hakuna mwingine aliyefika tisa.

Basi kwa kufunga mabao, mwanao ana haki, na namsifu. Kwa mchezo mzima, jirani yako ana haki. Gretzky alitoa pasi za mabao 1,963. Anayemfuata katika jumla ya pointi, yaani mabao na pasi pamoja, ni Jaromir Jagr mwenye 1,921. Mfutie Gretzky mabao yake yote 894, bado anaongoza orodha ya pointi.

Na wote wawili wasimsahau Gordie Howe. Mabao yake 801 ya NHL yalichukua mechi 1,767, mengi akiwa katika ligi ya timu sita tu, ambamo unakutana na mabeki walewale bora mara kumi na nne kwa msimu. Alifunga mengine 174 katika ligi ya WHA iliyokuwa ikishindana na NHL miaka ya 1970. Hayo hayamo kwenye orodha ile. Yakiwekwa, ana 975. Hapo unaona nguvu ya anayechagua daftari.

Mwalimu, mimi ni wa Arusha. Baba ananiambia Tanzania iliwahi kucheza hoki Olimpiki ikafungwa 18–0 na India. Ni kweli? Na mabao kama hayo yanapaswa kuhesabiwa kwenye rekodi za wafungaji?

Ni kweli, Moscow 1980. Mataifa mengi makubwa ya hoki yalisusia michezo ile: Pakistan, Uholanzi, Ujerumani Magharibi, Australia, nasi Kenya pia. Timu zikabaki sita, Tanzania ikiwa mojawapo ya zilizoalikwa kujaza nafasi. Wale vijana walikwenda kukutana na waliolelewa na gongo mkononi, na walicheza mechi zao zote mpaka mwisho. Mimi nawaheshimu kwa dhati.

Katika mashindano hayo Surinder Singh Sodhi wa India alifunga mabao 15, idadi ileile aliyofunga Udham Singh huko Melbourne 1956. Hapo ndipo swali lako lina uzito. Mwaka 1956 India iliifunga Marekani 16–0 na Afghanistan 14–0, kisha ikapata taabu kweli kuishinda Pakistan 1–0 katika fainali. Wafungaji wote wawili walipata sehemu kubwa ya mavuno kwa timu dhaifu.

Yahesabiwe? Ndiyo, yote. Bao halifutwi kwa sababu aliyefungwa hakuwa hodari. Ila ukilinganisha, soma na mechi ngumu. Fainali ya 1980 India iliishinda Uhispania 4–3, na Sodhi alifunga mawili kati ya hayo manne. Mawili hayo mimi nayathamini kuliko lolote lililofungwa siku ya 18–0. Harmanpreet Singh, pia mtu wa kona fupi, aliongoza wafungaji wa Paris 2024 kwa mabao kumi katika mechi nane, na huko hakukuwa na timu ya kualikwa kujaza nafasi. Kumi hizo nikiziweka kando ya 15 za Moscow, nazichukua za Paris.

Mbona hakuna Mkenya kwenye orodha zenu za magwiji? Msomaji, Kisumu.

Yupo, ndugu yangu, ila si kwenye orodha ya mabao. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, 1960 hadi 1972, tatu kati yake akiwa nahodha, na mechi zake 167 za kimataifa zilimwingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Alikuwa beki wa kuzuia. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne: ilifungwa 1–0 na Uhispania katika nusu fainali na 2–1 na India katika kutafuta nafasi ya tatu. Timu inayopoteza kwa bao moja moja mbele ya vigogo hao ina ulinzi wa hali ya juu, na kazi hiyo haina safu yake kwenye orodha ya wafungaji. Hilo linaniuma kila ninapozisoma.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa timu ya hoki ya wasichana katika shule yetu, Kakamega. Nataka kuweka rekodi za mabao ili watakaokuja wajilinganishe nasi. Niandike nini?

Marahaba, binti yangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote mwezi huu.

Kwa kila mechi andika tarehe, mpinzani, na uwanja ulikuwa wa nini: nyasi, changarawe au nyasi bandia. Andika mechi ilikuwa ya dakika ngapi, maana tulicheza vipindi viwili vya dakika 35 na sasa kimataifa ni vinne vya dakika 15. Kwa kila bao andika dakika, aliyefunga, aliyempa pasi, na lilivyopatikana: mchezo wa kawaida, kona fupi au penalti. Andika pia waliocheza bila kufunga, kwa sababu bila wao huwezi kujua mtu amefunga mangapi kwa mechi ngapi. Mechi za kirafiki ziweke kwenye kurasa zake, zisichanganyike na za mashindano.

Jambo la mwisho: andika siku hiyohiyo, kabla hamjapanda basi. Wasichana wawili wakidai bao moja, muulizeni mwamuzi palepale, na neno lake liingie kwa wino. Daftari likijaa, lifanyeni nakala mbili, moja ikae kwa mwalimu wa michezo na nyingine maktaba ya shule.